Mzee Eliakimu na Maji ya Mhezi

Kabla hamjawasha hivyo vishikwambi vyenu, kaeni kwanza. Yule binti mwenye miwani alinipigia simu juzi: "Shikamoo bibi, tunapanda Upareni kuulizia wazee wanaosahau na watu wanaowatunza, tunaomba uzoefu wako kidogo, nusu saa tu." Nusu saa! Milima hii imenimaliza magoti, halafu nusu saa. Haya, marahaba. Chai ipo, makande yako jikoni, na hakuna atakayetoka hapa kabla sijamaliza.

Nawaonea wivu, nisiwafiche. Kila asubuhi nikitoka uani hapa Same naiangalia ile milima, wingu limelala juu yake, na najua chini ya lile wingu kuna baridi, kuna moshi wa kuni mbichi, kuna mtu anakoka moto ampashie baba yake uji. Nyie mtapanda kesho kwa gari. Mimi nikipanda ngazi za kanisani tu nashika ukuta.

Naitwa Stella, nesi mstaafu. Huko juu waliniita Sista ingawa nina watoto na wajukuu na sijawahi kukanyaga nyumba ya watawa. Baba yangu alitoka Kigoma kuja kukata mkonge, nikazaliwa kambini huku tambarare, nikaolewa Same, na Chasu, lugha ya Wapare, nilijifunza kwa kuchekwa. Msiogope kuchekwa. Mtu akishakucheka unavyotamka, anakuvutia kigoda.

Wakati ule nilikuwa wodini. Ukaja mradi wa kuchunguza usahaulifu wa wazee, wakataka nesi anayeweza kutembea na kuongea, mganga mkuu akasema, "Mchukueni Stella, kuongea hamtamweza." Ndivyo nilivyoazimwa. Ilikuwa ile miaka ambayo sukari ilikuwa imerudi dukani lakini hela ya kuinunulia haipo. Mashamba ya mkonge yanafungwa moja baada ya jingine, vijana wanarudi nyumbani na magodoro kichwani, wengine wanashuka Dar kuuza mitumba. Hospitalini nako tulishaanza kuwaambia watu wachangie matibabu, kwa hiyo mzee akianza kusahau nani angempeleka? Alikaa nyumbani. Aliyemtunza naye alikaa nyumbani, hajulikani.

Kiongozi wetu alikuwa Daktari Faraji, kijana mpole wa Dar, viatu vyake vya mjini vilikufa wiki ya kwanza. Alikuja na maswali yaliyotungwa mbali huko. Leo ni tarehe gani? Huu ni mwaka gani? Rais wetu ni nani? Hesabu kurudi nyuma. Mimi kazi yangu kuyageuza yaeleweke. Bibi mmoja nilimuuliza, "Bibi, huu ni mwaka gani?" Akaniangalia, akasema, "Mwaka wa kahawa kukataliwa." Nikamgeukia daktari, "Niandike nini?" Akasema, "Amekosa." Kisha akafikiri, akacheka mwenyewe, akasema, "Stella, hebu weka alama ya kuuliza." Tukaondoka na karatasi iliyojaa alama za kuuliza.

Vudee tulifika Jumamosi. Nani huenda Vudee Jumamosi kuuliza watu maswali? Wasabato wote wako kanisani, kijiji kizima kimya, tukawa tunabisha hodi kwa kuku. Nilijua, lakini dereva alisema petroli ikibaki hadi Jumatatu itakuwa imeshanywewa na gari la wakubwa, basi tukapanda. Tulikaa nje ya kanisa mpaka wakatoka, na kwa adabu yao walitulisha. Ila maswali hakuna aliyejibu. "Leo tunapumzika, Sista. Hata huyu mama anayesahau, Sabato hajaisahau." Andikeni hilo kwenye hizo mashine zenu: jueni siku ya watu kabla ya kujua ugonjwa wao.

Kesho yake tukaenda kwa huyo mama. Bibi mfupi, safi, amefungwa kitambaa kichwani. Daktari Faraji akainama kumwamkia, kabla hajafungua mdomo bibi akamwahi: "Shikamoo, kaka." Maskini daktari akaruka kama kakanyaga moto. "Hapana, bibi! Mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo bibi!" Bibi naye, "Shikamoo, kaka." Daktari, "Hapana, hapana!" Wakabishana hivyo mpaka bibi akaanza kulia, kaka yake hataki salamu yake, amemkosea nini? Ukiwa umelelewa vizuri, kumwitikia marahaba mtu wa umri wa kukuzaa mara mbili ni dhambi kabisa. Binti wa yule bibi alikuwa anachambua maharage pembeni, hata hakuinua kichwa. Akasema, "Itikia tu, daktari. Marahaba haina bei."

Daktari akaitikia: "Marahaba, mdogo wangu." Bibi akafuta machozi, akamuuliza mbuzi wameshachungwa? Wameshachungwa, akasema daktari. Siku ile alijibiwa zaidi ya alivyojibiwa mwezi mzima.

Tukateremka na daktari mpaka kwenye daraja. Halafu akasema, "Stella, hawa wanaowatunza ndio tungeanza nao." Nikamwambia, "Ndiyo, bosi." Nilimpenda kwa hilo. Wakubwa wengi hawajui kubadili njia wakiwa barabarani.

Basi tukaanza kukaa na walezi. Na hapa nisikilizeni, maana mtakosea wote. Usimuulize mlezi mbele ya mgonjwa, atakwambia hajambo. Usimuulize mbele ya mawifi, atakwambia mnatunza wote. Nenda nyuma ya nyumba, shika kazi anayoifanya. Kama anakoboa mahindi, koboa. Kama anafua, suuza. Usimwangalie sana usoni. Ataanza na habari za bei ya sabuni, na wewe ongea bei ya sabuni. Ukweli utakuja wenyewe, mara nyingi ukiwa umeshasimama unaaga.

Hivyo ndivyo nilivyompata Nakunda.

Nakunda alikuwa wa Mhezi, kule karibu na Chome ambako migomba inasimama kwenye mteremko mpaka unajiuliza imeshikilia nini. Mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, kicheko chake cha kutafutwa. Alikuwa ameolewa Mwanga. Alipanda kumtazama baba yake sikukuu moja, akamkuta amekaa na nguo zimeloa, amesahau kwamba mama yao alikwishafariki, anamsubiri atoke shambani ampikie. Nakunda hakurudi Mwanga tena. Mumewe alingoja kidogo, kisha akaoa. Aliponisimulia hayo alikuwa anatwanga, mchi haukusimama hata kidogo. Nikamuuliza, "Hukuumia?" Akasema, "Niliumia. Sasa baba ningemwachia nani?"

Baba yake aliitwa Mzee Eliakimu, na yeye alikuwa mtu wa ndiva.

Kwa nyie msiojua, ndiva ni bwawa dogo la kuchimba kwa jembe. Maji ya kijito yanajikusanya humo usiku, asubuhi yanafunguliwa yashuke kwenye mfereji mpaka mashambani, kwa zamu. Leo wa ukoo huu, kesho wa ukoo ule. Kizibo kikitolewa kabla ya wakati wake maji yanapotea korongoni, na mwenye zamu anabaki anatazama vumbi. Na Wapare mnajua wanavyosemwa, eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Hiyo ni kuku. Maji je?

Mzee Eliakimu alifungua ndiva ile tangu ujana wake mpaka mvi. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa kizibo ila yeye. Alipoanza kusahau wakampumzisha, wakachagua kamati ya maji, na mwenyekiti akawa Kiangi, kijana aliyerudi kutoka mkonge baada ya shamba lao kufungwa. Kiangi hakuwa na kitu kingine duniani ila yale maharage yake na mahindi aliyopanda chini ya mfereji. Na mke mwenye mimba.

Sasa mzee alisahau mengi. Alisahau majina ya watoto, alisahau kama amekula, mara nyingine alimwita Nakunda mama. Ndiva hakuisahau. Alikuwa akitoka, saa yoyote, anakwenda kufungua. Adhuhuri, ndiva haijajaa hata nusu, anafungua. Zamu za watu zikawa zinapotea. Zamu ya Kiangi ilipotea, ikapotea tena, na maharage yalikuwa yametoa maua.

Nakunda alimfuata baba yake kutwa. Hakuweza kwenda mtoni, hakuweza kwenda sokoni, akiingia chooni anaimba kwa sauti ili baba ajue yupo. Kaka yake wa Dar, muuza mitumba, akatuma blanketi zuri zito, na ndani ya blanketi amefunga komeo na kufuli. Salamu zikaja na dereva wa basi: mlango ufungwe kwa nje. Kaka mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mbali, na aliye mbali huona kufuli ni jambo rahisi.

Nakunda akamfunika baba kwa blanketi. Komeo akalitupa uvunguni.

Lakini Kiangi naye akaja, na wenzake wa kamati. Nilikuwepo, nimekaa na Nakunda tunachambua mchicha. Hawakukaa. Kiangi akasema, "Dada Nakunda, heshima yako na ya mzee. Akifungua maji mara nyingine, tutamfungia ndani sisi wenyewe. Nina mke mjamzito, atakula nini?" Nakunda akaendelea kuchambua. Walipokwisha kuondoka akainuka, akaenda moja kwa moja kwa Daktari Faraji aliyekuwa amekaa barazani anamuuliza mzee tarehe.

"Daktari, mmeandika mengi juu ya baba yangu. Mmejua mpaka anavyokojoa. Sasa wanataka kumfungia. Wakimfungia huyu atakufa, mimi namjua. Semeni neno."

Daktari aliinamisha kichwa. Alikuwa mtu mkweli, akasema, "Dada, sisi tumekuja kuuliza. Hatuna mamlaka ya kuamua mambo ya kijiji."

"Sijasema muamue," akasema Nakunda. "Kuuliza si ndiyo kazi yenu? Mbona mnaniuliza mimi peke yangu? Waulizeni na wao."

Wanangu, niliacha mchicha. Tulikuwa na karatasi yenye nafasi ya jina moja, mlezi wa mgonjwa, jina moja tu, na tulikuwa tumejaza Nakunda. Daktari akaikunja karatasi. Akaniuliza, "Wote tutawapata wapi?" Nikamwambia, "Msaragambo."

Msaragambo mnaujua, au mmeshaanza kuuita jina la kizungu? Ile kazi ya pamoja. Pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, asiyetokea anatozwa faini. Siku ile ilikuwa ya kuzoa tope kwenye ndiva. Tukaenda na majembe. Daktari Faraji alilima kama mtu anayekosa adabu kwa ardhi, wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu, viganja vyake vikatoka malengelenge. Sawasawa. Hakuna aliyetuona wageni tena.

Wakati wa kupumzika, watu wamekaa kwenye ukingo wanakula makande, daktari akasimama. Nilikuwa na hofu. Usiku wa kuamkia siku ile tulikuwa tumekaa na Nakunda na walezi wengine wawili tukitafuta namna ya kuuliza. Mimi nilitaka tuulize, "Mnaonaje hali ya mzee?" Nakunda akasema, "Ukiuliza hivyo watakuhubiria. Waulize walichofanya." Basi daktari akauliza kama alivyofundishwa: "Ndugu zangu, nani kati yenu amewahi kumkuta Mzee Eliakimu njiani akamrudisha nyumbani?"

Halafu mama mmoja akainua kijiko. Mzee mwingine akainua mkono. Mara mikono ikawa kila mahali, watoto wa shule, mzee wa kanisa, hata mlevi mmoja aliyekuwa amelala. Mama Eliza wa mashamba ya chini, mdomo wake ukiusikia unautambua hata gizani, akadakia: "Kiangi! Mbona huinui? Nilikuona na macho yangu umembeba mgongoni!"

Kiangi akakasirika. "Sasa ningemwacha korongoni? Mimi mnyama?"

Watu wakacheka, na yeye akajikuta anacheka nusu. Daktari akauliza tena, "Na ukimkuta unamwambiaje ili arudi?" Hapo ndipo soko likafunguka. Mmoja anampa ugoro. Mwingine anamwimbia wimbo wa kanisa, mzee anaufuata mpaka mlangoni. Kijana mmoja akasema kwa kujisifu, "Mimi namwambia ndiva imebomoka, hakuna haja ya kwenda." Mama Eliza akaruka juu. "Kumbe ni wewe! Ndiyo maana anakuja kwangu analia maji yamekwisha, anataka jembe saa saba mchana! Mtoto una laana wewe!" Wakashambuliana. Tukawaacha. Daktari alikuwa ananong'ona, "Stella, andika, andika," na mimi mikono yangu ina tope na makande, ningeandika na nini?

Nakunda alikuwa amekaa nyuma amemshika baba yake mkono. Nilimwona anawaangalia wale watu mmoja mmoja. Baadaye aliniambia hakujua. Alidhani anambeba baba yake peke yake, kumbe kijiji kizima kilikuwa kinambeba kila mtu kwa zamu yake bila kuambizana, na kila mtu amechoka, na kila mtu anadhani ni yeye tu.

Njia ilitoka kwenye ugomvi ule ule. Mama Eliza alisema, "Mnamfukuza ndivani mchana kwa sababu asubuhi mmemnyima. Mpelekeni wakati wa kufungua, afungue, moyo utulie." Kiangi akasema, "Na akichelewa? Maji yangu yamsubiri?" Mama Eliza akasema, "Yamsubiri. Yeye ya baba yako aliyasubiri yajae." Ukazuka ugomvi mpya, mzee wa kanisa akatuliza, wakaafikiana wajaribu mpaka mavuno. Na kwa kuwa kufungua ni kazi ya mwenyekiti, wa kumpitia mzee nyumbani kila asubuhi akawa Kiangi. Alinung'unika mpaka nyumbani kwake.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilinyooka. Siku nyingine mzee alitoroka vilevile. Siku nyingine hakutaka kuamka, siku nyingine alimpiga Kiangi fimbo akimwita mwizi wa maji. Lakini nyingi zilikuwa nzuri. Tulipopanda tena tulimkuta Kiangi amemshika kiwiko, mzee na koti lake kuukuu, wanakwenda polepole. Wakifika wanashika kizibo pamoja, na mzee anamgombeza: "Piga magoti! Nani alikufundisha kufungua maji umesimama kama korongo?" Kiangi anapiga magoti. Maji yakitoka mzee anayasikiliza, anarudi nyumbani, anakunywa uji, analala mpaka jua limekaa juu. Nakunda akaanza kushuka sokoni. Siku moja nilimkuta anasukwa nywele na mwenzake, anacheka, nikasimama njiani nikamtazama tu.

Na sisi tukabadili kazi. Ile nafasi ya jina moja tukaifuta. Walezi wa Mhezi na wa Vudee wakakaa na daktari kwenye baraza la kanisa, swali kwa swali, hili acheni, hili linatukana, hili ulizeni hivi. Kuna mama alisema, "Hapa pameandikwa mzigo wa mlezi. Baba yangu si mzigo. Mzigo ni kuni." Daktari akalifuta lile neno. Ilimchukua mchana mzima kupata neno lingine, na walimsaidia wenyewe. Nyie mtakuwa na maswali yenu yaliyokwisha kupangwa humo. Sawa. Lakini muwe na mahali pa kufutia.

Sasa niwaambie ya mwisho, kisha mle.

Mradi ulikuwa unakwisha. Vuli haikunyesha mwaka ule, kijito kimekonda, ndiva inajaa kwa taabu, na maharage yako kwenye maua, pale pale ambapo yakikosa maji siku mbili umekosa chakula. Tulipanda kuwaaga. Asubuhi nikafuatana na Nakunda na Kiangi na mzee kwenda ndivani. Nilitaka kuiona tena kabla ya kurudi wodini.

Mzee alifika, akasimama juu ya kizibo. Akakitazama. Kiangi akapiga magoti kama alivyofundishwa, akauchukua mkono wa mzee akauweka pale. Mzee akautoa mkono, akautazama mkono wenyewe. Hakujua. Nimewaona wengi, naijua ile sura. Kile kitu cha mwisho nacho kilikuwa kimeondoka.

Nakunda akageuka pembeni.

Kutoka chini wakaanza kupiga kelele: "Maji! Kiangi, maji!" Jua limeshachomoza. Kiangi hakugusa kizibo. Nakunda akamwambia, "Fungua tu, kaka. Watu wanaunguliwa." Kiangi akasema, "Mwenyewe hajafungua."

Zamu ilikuwa ya Mama Eliza. Tukamsikia anapanda, mdomo umemtangulia, jembe begani, anauliza nani amekufa huku juu. Akatokeza, akamwona mzee amesimama na mikono yake mitupu. Mama Eliza akanyamaza. Akateremsha jembe, akakaa chini kwenye ukingo. Akaja mwingine nyuma yake, na mwingine, kila mmoja amepanda na hasira zake, na kila mmoja akafika akakaa. Jua linapanda, maharage yako chini kule, maji yako hapa, na watu wamekaa.

Mwishowe mzee akawaona. Akawatazama, akamgeukia Kiangi, akauliza kwa Chasu, taratibu, "Hawa wanasubiri nini?"

Kiangi akamjibu, bado amepiga magoti. "Wanakusubiri wewe, baba. Uwafungulie maji."

"Mimi?"

"Ndiva ni yako, baba."

Mzee akatikisa kichwa, kama unavyomkanya mtoto aliyesema jambo la kijinga. "Maji hayana mwenyewe," akasema. "Fungueni, watu wapate kula."

Yule mtu ambaye maisha yake yote hakumruhusu mwingine aguse. Kiangi akafungua. Mama Eliza, maji yanakimbilia shambani kwake, hakuinuka kuyafuata. Alibaki amekaa analia, mpaka binti yake akamwita kutoka chini.

Mzee Eliakimu hakwenda tena ndivani. Alikaa barazani na blanketi lake, mlango wazi nyuma yake, wakawa wanapita kumwamkia wakienda na wakirudi. Alifariki kabla ya masika, Nakunda amempakata. Nililetewa salamu wodini na mama aliyekuja kujifungua, mke wa Kiangi.

Tangu hapo nimeishi na watu wengi. Wema wapo, sikatai, wanatoa mchango, wanaleta unga, wanakuombea. Lakini watu wenye njaa waliokaa chini jua likichoma maua ya maharage yao, wakimsubiri mzee asiyewajua hata majina, niliwaona Mhezi tu, na sijawaona tena popote. Nawatamani mpaka moyo unauma. Haya, pakueni makande. Kesho mkifika kule, baada ya maswali yenu yote, waulizeni na langu moja: kama bado wanasubiriana. Kisha mrudi mniambie, hata kama jibu ni hapana.